Vidole Viwili Chini ya Bawa



Ndege iliyo juu ya meza hii ina mabawa ya mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha. Imeundwa kwa plastiki ya povu, ndugu ya ile inayofungashiwa televisheni mpya. Ina mota ya umeme, na pamoja na betri yake ina uzito wa gramu 1,200. Anayeirusha husimama chini na rimoti mkononi. Mkiinama mkatazama chini ya mabawa mtaona kila bawa lina alama mbili za kalamu ya wino: moja iko milimita 50 kutoka ukingo wa mbele, ya pili iko milimita 58. Kati yao pana milimita 8, unene wa penseli hivi. Nimekuja kuzungumza juu ya nafasi hiyo ndogo.

Vijana wanaonijia huniomba niwafundishe kurusha. Jioni ya kwanza hatuwashi mota kabisa. Tunaiweka ndege mezani, tunaitia betri mahali pake, tunainyanyua kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa penye alama, kisha tunatazama inalalia wapi. Wengine hununa, maana walitaka anga wakapewa meza. Lakini katika ajali nilizoziona kwa macho yangu, nyingi zilikuwa zimekwisha kuamuliwa mezani kabla magurudumu hayajaacha ardhi, na rubani aliyelaumiwa alikuwa amekabidhiwa chombo kisichorushika.

Sisi watu wa pwani na bara si wageni wa jambo hili. Mwuza maji mwenye mzegazega akipunguza maji ya ndoo ya mbele husogeza mti begani bila kuambiwa na mtu. Nahodha wa jahazi lisilo na shehena hutia farumi, mawe au mchanga, na hamwagi ovyo: hutazama omo, hutazama tezi, ndipo aseme tweka. Mtoto anayerusha kishada kikampiga chenga huongeza kitambaa mkiani hadi kitulie. Wote hao wanafanya hesabu ya wenzo tuliyosoma shule ya msingi, egemeo na mzigo na jitihada, ila wao waliisoma kwa bega na kwa mkono. Ndege ni hesabu hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hewani hakuna bega la kusogeza, na ukikosea hupati nafasi ya kushusha mzigo uupange upya.

Bawa la ndege hii lina upana wa milimita 200 kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Hewa huliinua kila mahali, lakini ukijumlisha misukumo yote pamoja na ile ya mkia, utapata nukta moja ambayo ndiyo mpaka. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapolala sawa juu ya vidole, kikiwa mbele ya mpaka huo, upepo ukiinua pua, ndege yenyewe huishusha. Kikiwa nyuma ya mpaka, upepo ukiinua pua, ndege huendelea kuiinua hadi bawa lishindwe kubeba, na hapo huanguka. Umbali kati ya kitovu cha uzito na mpaka huo mimi huuita akiba. Akiba ikiwa kubwa mno, ndege inakuwa nzito puani, mvivu kugeuka, na wakati wa kutua hugoma kuinua kichwa. Ikiwa ndogo mno, mkono wako ukitetemeka kidogo, ndege inaruka huku na huku kama samaki aliyetolewa majini. Kwa ndege ya kawaida yenye mkia nyuma, mahali pa kuanzia ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa. Kwa bawa hili la milimita 200, hiyo ni kati ya milimita 50 na 67 hivi. Bawa linalopungua kuelekea nchani huhitaji kwanza kutafutiwa upana wake wa wastani, na anayeruka hatua hiyo hujikuta amepima robo ya kitu kisichokuwepo.

Waliogundua haya waliyagundua kwa ndege ndogo kama hii. Mwaka 1804 Mwingereza George Cayley alichukua kishada cha karatasi, akakifunga juu ya kijiti kirefu, akatia mkia nyuma na uzito wa kusogeza upande wa mbele. Alisogeza uzito, akarusha, akasogeza tena. Yule mtoto wa kishada wa pwani angemwelewa mara moja. Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Alphonse Pénaud aliachia ndege ndogo iliyosukumwa na mpira uliosokotwa, nayo ikaenda sekunde 11 bila mtu kuishika wala kuiongoza. Siri ilikuwa mkia ulioinamishwa kidogo kuliko bawa, na uzito uliokaa mahali pake. Na hao ndugu Wright ambao kila mtoto wa shule anawajua, ndege yao ya Desemba 1903 iliruka ikiwa haina akiba. Ilipanda na kuzama muda wote, na ni ustadi wa mikono yao uliowaokoa. Mwaka uliofuata walifunga vyuma vya kuongeza uzito upande wa mbele. Nawaheshimu sana watu wale, lakini nawaambia vijana: msianze na ugumu ambao wenyewe walihangaika kuuondoa.

Sasa niwasimulie kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kuliko kitabu.

Ndege hii iliwahi kuvunjika mkia nikiipakia kwenye gari. Niliitengeneza usiku, kwa bidii na kwa hofu ya kuvunjika tena: nikaweka kipande cha mbao ya plaiwudi kila upande, nikamimina gundi, ikakauka, nikamimina tena. Mkia ukawa imara kama mguu wa kiti. Asubuhi nikaenda uwanjani. Sikuipima, maana betri ilikuwa pale pale na kila kitu kilikuwa pale pale isipokuwa mkia. Nilipofungua mota iliondoka ardhini mapema kuliko nilivyoizoea, ikainua pua. Nikasukuma kijiti cha rimoti mbele, ikainama kupita kiasi. Nikavuta, ikainuka karibu wima, ikasimama hewani kitambo kidogo, kisha ikaangukia bawa la kushoto ndani ya shamba la mahindi. Kutoka kuondoka hadi kuanguka sidhani zilipita sekunde 8.

Nyumbani nilipima marekebisho yangu kwa mizani ya jikoni. Yalikuwa gramu 40. Gramu 40 ni nini? Hazifiki hata yai moja la kawaida. Lakini zilikaa milimita 600 nyuma ya kitovu cha uzito. Zidisha 40 kwa 600 upate 24,000. Gawanya kwa uzito wote, ambao sasa ulikuwa gramu 1,240, upate kama milimita 19. Kitovu kilichokuwa milimita 58 kilikuwa kimehamia milimita 77, karibu kabisa na mpaka, na akiba yote nilikuwa nimeila kwa gundi.

Fundi mwenzangu alinishauri nitie risasi puani. Nikafanya hesabu. Puani ni milimita 250 tu kutoka kitovuni, kwa hiyo kusawazisha 24,000 kunahitaji gramu 96. Tazameni jambo hili vizuri: gramu 40 za mkiani zinadai gramu 96 za puani, na ndege iliyokuwa gramu 1,200 inakuwa gramu 1,336. Bawa ni lile lile, betri ni ile ile, sasa kila kutua ni kwa kasi zaidi. Niliibandua kazi yangu yote nikaanza upya kwa kijiti chembamba cha mwanzi na gundi ya kupaka kwa ncha ya sindano. Marekebisho mapya yakawa gramu 12. Kumi na mbili mara 600 ni 7,200. Betri ina gramu 180. Nikaisogeza mbele milimita 40, basi. Sikuongeza hata chubwi moja. Tangu siku hiyo sheria yangu ni kwamba kitu kilichokwisha kuwamo ndani ya ndege ndicho kinachosogezwa kwanza, na betri ndiyo farumi bora kuliko zote kwa sababu ni mzigo unaofanya kazi.

Namna ya kupima yenyewe ni nyepesi, ila ina masharti. Ndege ipimwe ikiwa kamili: betri ndani, panga la mbele linalozungushwa na mota limefungwa, kifuniko kimefungwa. Yenye injini ya mafuta hupimwa tangi likiwa tupu, kwa kuwa tangi kwa kawaida hukaa mbele, na mafuta yakiisha pua hupungua uzito. Ukipima limejaa, utaondoka salama, kisha urudi na ndege nyingine. Ndege yenye mabawa juu ya kiwiliwili, kama hii, hupimwa tumbo likiwa chini. Yenye mabawa chini hupinduliwa tumbo juu, la sivyo inapinduka vidoleni na haikwambii kitu. Upepo usiwepo, hata wa feni. Alama ichorwe kwa rula katika kila bawa, karibu na kiwiliwili, isikadiriwe kwa macho. Na vidole vikichoka, vijiti viwili vyenye raba ya penseli kichwani, vilivyosimamishwa juu ya ubao, ni mizani nzuri kuliko ile ya kununua.

Kisha kuna mizani ya pili ambayo wengi huisahau, ya kushoto na kulia. Shika ncha ya pua kwa kidole kimoja na mwisho wa mkia kwa kingine, ninginiza. Bawa likishuka upande mmoja mara tatu mfululizo, upande ule ni mzito. Msumari mdogo au sarafu iliyofukiwa kwenye ncha ya bawa jepesi hutosha. Ukiacha, ndege itaruka sawa kwa mwendo mmoja, lakini ukiivuta kwa nguvu itajipinda upande ule ule mzito, nawe utadhani ni kosa la rimoti. Panga nalo lisawazishwe: lipitishe kwenye mhimili laini, ukiona jani moja linashuka kila mara, likwangue kwa msasa upande wa nyuma hadi litulie mahali popote unapoliacha. Mtikisiko wa panga hulegeza skrubu na kuchosha sevo, vile vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya kuongozea ndege, polepole, bila kelele.

Nakuja kwenye jambo ambalo naomba hata waliochoka walisikilize.

Tarehe 23 Agosti 1947, huko Woodford, Uingereza, ndege ya majaribio aina ya Avro Tudor iliondoka ikiwa na Roy Chadwick, mhandisi aliyesanifu ndege ya Lancaster iliyotumika sana katika Vita vya Pili vya Dunia. Vibao vya mabawani, vile vinavyoilaza ndege kulia au kushoto, vilikuwa vimeunganishwa kinyume katika matengenezo. Rubani alipotaka kuinua bawa lililoshuka, lilizidi kushuka. Chadwick alifariki hapo pamoja na baadhi ya wenzake. Mtasema hayo ni ya zamani. Tarehe 11 Novemba 2018, ndege aina ya Embraer 190 iliondoka Alverca, karibu na Lisbon, baada ya matengenezo makubwa, na vibao vya mabawani vilikuwa kinyume vilevile. Waliomo walipambana nayo angani kwa muda mrefu, ndege ikijipindua nao wakijifunza upya mikono yao, hadi wakatua katika uwanja wa Beja kwa jaribio la tatu. Walipona. Kampuni kubwa, mafundi wenye vyeti, kompyuta tele, na kosa lilikuwa lile lile ambalo kijana anaweza kulifanya sebuleni kwa kubadilisha waya mbili.

Kwa nini kosa hili halionekani? Kwa sababu mtu akisogeza kijiti akaona vibao vinacheza, moyo wake hutulia. Kucheza si ushahidi. Simama nyuma ya ndege, pua ikitazama mbele yako kama wewe unavyotazama. Sukuma kijiti kulia: kibao cha bawa la kulia lazima kiinuke, cha kushoto kishuke. Kumbuka hivi, kibao kinachoinuka kiwe upande ule ule kijiti kilikokwenda. Vuta kijiti kwako: kibao cha mkiani, eleveta, lazima kiinuke. Usukani ukielekezwa kulia, uende kulia. Sema kwa sauti unachokiona, wala usiseme tu kwamba ni sawa. Nami humtaka mwanafunzi ayafanye haya kila anapofika uwanjani, hata kama jana yake aliyafanya, hata kama ndege haikufunguliwa. Huko Muhanga, Rwanda, ambako ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu hospitalini tangu 2016, fundi huelekeza simu kwenye mabawa na programu huthibitisha kwamba kila kibao kimecheza kinavyopaswa kabla ndege haijarushwa. Kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kazi ile, na nataka wengi waitake, anaweza kuanza kuizoea leo kwa ndege ya plastiki ya povu.

Kiasi cha mchezo wa vibao nacho kipimwe kwa rula. Kwa mwanafunzi, milimita 10 hadi 12 juu na chini zinatosha kwa ndege ya ukubwa huu. Wengi hupenda viende hadi mwisho wa uwezo wa sevo, wakidhani mchezo mkubwa ni usalama mkubwa. Ni kinyume chake, hasa kama akiba ya uzito ni ndogo: mizani mbaya na vibao vyenye pupa huungana kumnyang'anya mtu ndege yake.

Ya redio nitayapitia haraka. Mapacha Walter na William Good wa Michigan, Marekani, waliporusha ndege yao Guff mwaka 1937 kwa kuiongoza kwa redio, ilibidi wabebe angani redio ya taa za kioo pamoja na betri zake. Ndege hiyo sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Kipokezi chetu cha leo ni chepesi kuliko ufunguo wa nyumba, nacho kisitufanye wazembe. Panga liondolewe kabisa wakati wa kupanga mambo mezani. Nimeona kidole kilichokatwa na mota iliyojiwasha yenyewe, na sitaki kuona cha pili. Rimoti iwashwe kwanza, betri ya ndege iunganishwe baadaye. Kuzima ni kinyume chake. Rimoti ikizimwa ghafla, mota lazima inyamaze: lijaribuni hilo ardhini, ndege ikiwa imeshikwa. Weka rimoti katika nguvu ndogo ya majaribio, nenda hatua 30, vibao viendelee kutii. Betri ya lithiamu yenye seli 3 ikijaa husoma volti 12.6, isichajiwe watu wakiwa wamelala, na ikivimba isitumike tena, hata kama ilinunuliwa ghali. Na ruhusa muiombe. Hapa Tanzania ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Kenya wanayo yao. Anga lina wenyewe wengine, wakiwemo marubani wanaobeba abiria.

Mtaniuliza hesabu hizi za gramu zinamfikisha mtu wapi. Tarehe 9 Agosti 2003, mzee Maynard Hill wa Marekani, ambaye kwa wakati huo alikuwa haoni vizuri wala hasikii vizuri, alirusha kutoka Cape Spear, Newfoundland, ndege ndogo ya balsa aliyoiunda kwa mikono yake. Uzito wake wa kuondokea haukufika kilo 5, na karibu nusu yake ulikuwa mafuta. Baada ya saa 38 na dakika 52 ilitua Ireland, ng'ambo ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 3,000. Ndege inayochoma karibu nusu ya uzito wake njiani haiwezi kuweka tangi popote ila kwenye kitovu, ili kila tone linalotoka lisiiondolee akiba. Majaribio yake ya mwaka mmoja kabla yalikuwa yameishia baharini, naye alirudi mezani.

Nirudi kwenye hizi alama zangu mbili. Ndege ilipokuwa mpya niliweka kitovu milimita 50, robo kamili, kwa kuwa sikuijua. Iliruka salama lakini kwa uzito: nikipunguza mota ilitaka kuzama, na kila kutua ilinibidi nivute kijiti hadi mwisho. Jioni moja hewa ikiwa imetulia niliipandisha mita 100 hivi, nikaiacha iende sawa, nikaiinamisha iteremke mshazari, kisha nikaachia kijiti nisifanye lolote. Hapo ndipo ndege yenyewe hujieleza. Ikiwa nzito puani, huinua kichwa ghafla. Ikiwa nzito mkiani, huzidi kuzamisha kichwa, na hapo huna muda wa kutafakari. Yangu iliinua kichwa ghafla. Nikaitua, nikarudisha betri nyuma kama sentimita 1, nikapanda tena. Nikaenda hivyo safari kadhaa, jioni zaidi ya moja, hadi jumla ya milimita 53 za betri zikawa milimita 8 za kitovu. Safari ya mwisho ilishuka kwenye mstari wake, ikakaa kidogo, halafu ikanyanyuka taratibu kama mtu anayeamka mkekani. Nikatua, nikachora alama ya pili.

Ya kwanza sikuifuta. Mwanafunzi anaporusha kwa mara ya kwanza, huwa naisogeza betri mbele tena hadi ndege itulie kwenye milimita 50, nasimama nyuma ya bega lake, na kuinyanyua kwa vidole viwili ni kazi yake yeye.